Usufi wa Godoro la Stara

Jua lilikuwa limeshaegemea vilima vya Haneti wakati Hamidi aliposhuka kwenye pikapu yake, akashika mlango, akabaki amesimama hapohapo. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Aliupiga ngumi pajani. Akaupiga tena. Wapi! Ni kama alikuwa anapiga gunia la mtu mwingine.

"Mbukwenyi," alisalimia Yotham, mkulima aliyemuuzia karanga kila msimu. "Bwana Hamidi, siku hizi unashuka garini kama bibi harusi. Kulikoni?"

"Kiti," alijibu Hamidi. Siku hizi hakuwa mtu wa maneno mengi.

Na kile kiti, jamani, kilikuwa na kisa chake. Pikapu aliinunua mnadani, miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na madereva kama yeye wanapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaherini. Dereva aliyeitumia kabla yake alikuwa mfupi, tena mfupi hasa, maana alikivuta kiti mbele kabisa akachomelea reli isirudi nyuma. Hamidi ni mrefu. Akikaa pale magoti yanagusa usukani, na springi zilizokatika zinamtafuna makalio. Ukimwona barabarani ungesema panzi kafungiwa kwenye kiberiti. Watu wa Majengo, mtaani kwake, walimcheka mpaka wakachoka.

Alivumilia. Dereva gani analilia kiti? Lakini alipofiwa na mkewe, Stara, hata uvumilivu ulimwishia.

Stara alikufa polepole. Ganzi ilianza kwenye vidole vya miguu. Ikapanda magotini. Ikapanda kiunoni. Walimpima hiki na kile, hawakuona kitu. Majirani wakasema amekanyaga, yaani kategewa dawa mlangoni akaipita, na wengine wakataja mpaka majina ya waliomtegea. Watu hawakosi la kusema. Siku ganzi ilipofika kifuani akakata roho, juu ya godoro lake la usufi, macho mlangoni, anamsubiri mumewe arudi safari. Hamidi alikuwa Kondoa. Hamidi siku zote alikuwa mahali fulani: Kondoa, Singida, Haneti.

Hakulia. Tanga likaondolewa, macho yake makavu. Waliompa pole walimwambia jikaze, Mungu yupo. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Yeye aliitikia "asanteni, asanteni," kama mtu anayerudishiwa chenji.

Sasa, kwa watu wa mtaa wao ipo desturi waliyoikuta kwa wazee: godoro na nguo za marehemu ni haki ya waosha maiti. Hakuna anayeuliza kwa nini. Bi Salwa, bibi aliyemwosha Stara, alikuja akasimama kizingitini.

"Nimefuata godoro, mwanangu."

"Nimeshalitoa sadaka, bibi. Wamelichukua watu wengine."

Uongo mtupu. Godoro lilikuwa stoo, limekunjwa. Wala si ubahili. Hamidi hakuwa bahili. Ni kwamba hakubakiwa na kitu kingine chenye umbo la mkewe, kile kibonde katikati, pale alipolala. Bi Salwa akasema, "Haya," akaenda zake.

Siku chache baadaye alimpelekea fundi viti Jamaldini ile pikapu. Jamaldini alikata reli, akakirudisha kiti nyuma, akatikisa kichwa. "Springi hizi zimekwisha, Hamidi. Lete usufi nishindilie."

Hamidi akarudi na godoro begani.

"La nani hili?"

"La nyumbani."

Jamaldini hakupekua. Alichana upande mmoja, akachota usufi kwa mafumba, akashindilia. Uliobaki alimshonea Anifa, binti wa Hamidi, kimto cha kukalia ili aone nje ya dirisha. Hamidi akapanda, akakaa. Loo! Mgongo ulinyooka. Miguu ilifika kwenye pedeli bila kujikunja. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alivuta pumzi mpaka chini, akakaa mle, gari limezimwa, mpaka Jamaldini akadhani amesinzia.

Wiki ileile ganzi ikaanza.

Vidole vya miguu.

Ndiyo maana jioni ile ya Haneti alikuwa anaupiga mguu wake ngumi. Magunia yalipakiwa. Anifa alikuwa juu ya magunia ya karanga, anawahoji wapakiaji: kwa nini karanga zinajificha chini, kwa nini punda ana mstari mgongoni, nani aliuchora? Alikuwa na miaka saba na hakujua kunyamaza. Majengo walimwita Redio. Tangu mama yake afe Hamidi alizunguka naye kila safari, maana ndiye pekee aliyebaki naye duniani, na sauti yake ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinamfikia.

"Na mama hashuki akanywa maji?" aliuliza Yotham.

"Mama gani?"

"Aliyekaa kwenye usukani."

Wote wawili waligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimebonyea katikati, basi.

"Aa..." Yotham alifuta macho. "Labda jua." Lakini hakulisogelea tena gari lile. Aliagia mbali, mikono nyuma.

Waliondoka giza likianza kuingia. Anifa aliongea mpaka Haneti ilipopotea nyuma, kisha akakivuta kimto chake, akakiegemeza mlangoni, akalaza kichwa juu yake. Maswali yakapungua... yakakatika. Kukabaki mlio wa injini na mawe yakigonga bodi.

Kabla ya mteremko wa Chenene, Hamidi alisikia harufu.

Mafuta ya karafuu. Yaleyale aliyokuwa akichuliwa Stara miguuni, kila jioni.

Alifungua dirisha. Vumbi likaingia, harufu haikutoka. Akajisogeza. Ndipo alipogundua kwamba kiti kimepata joto. Si joto la injini. Injini joto lake hutoka mbele, miguuni. Hili lilitoka chini yake, na lilikuwa na umbo.

Mapaja mawili.

Alikuwa amepakatwa.

Ungedhani atapiga kelele. Mimi na wewe tungepiga. Hamidi alikuwa ameishiwa hata woga. Aliwaza tu, taratibu, kwamba Stara ana mapaja membamba sana, alikonda sana mwishoni. Kisha gari likainamia mteremko, likaanza kukimbia, akakanyaga breki.

Mguu haukwenda.

Aliuamrisha tena. Ulikuwa pale, aliuona kwa mwanga hafifu wa dashibodi, umelala kwenye pedeli ya mafuta kama wa maiti. Na wa kushoto nao vilevile. Magunia yakasukuma. Kona ya kwanza aliipata kwa bahati. Ya pili ilikuwa inakuja, na chini yake korongo, na pembeni yake Anifa kalala mdomo wazi. Hapo ndipo kitu kilipomchoma Hamidi, mara moja, kwa mbali, kama sindano kupitia blanketi. Mtoto wangu.

Akashika hendibreki. Ikatoka mkononi, waya umekatika.

"Stara," alinong'ona. "Mtoto yumo."

Pumzi ikapita kwenye shingo yake, nyuma ya sikio.

"Tulia."

Mguu wake wa kulia ukanyanyuka. Hakuunyanyua yeye. Ukahamia kwenye breki, ukakanyaga, polepole, kwa woga, kama mtu ambaye hajawahi kuendesha lakini amekaa miaka mingi akimtazama mwenye kuendesha. Gari likapunguza mwendo. Likaingia kona. Likatoka.

Kuanzia pale Hamidi kazi yake ilikuwa usukani tu. Miguu ilifanya mambo yake yenyewe. Klachi. Breki. Mafuta. Ilikanyaga hivyo mpaka taa za mji zikaonekana, ikaingia Majengo watu wakitoka swala ya isha, na gari lilipozimika, lilizimika mlangoni kwa Bi Salwa.

Bibi alitoka na taa ya chemli. Alimulika kiti, akanusa.

"Umeniletea haki yangu," alisema.

"Shikamoo, bibi. Siwezi kushuka."

"Marahaba. Najua."

Jamaldini alikuwa anapita kutoka msikitini. Ndiye aliyembeba mpaka kwenye jamvi la barazani. Bi Salwa alimpa kisu. "Wewe ndiwe uliyeshona. Fumua."

Kiti kilichanwa. Usufi ulitoka mafumba kwa mafumba, mpaka mkono wa Jamaldini ukasimama. Aliurudisha ukiwa na kifurushi kidogo kama yai, kitambaa cha buluu kilichofungwa kwa uzi mwekundu.

Hamidi alikijua kitambaa kile. Ni mfuko wa shati lake la kazi, la enzi za shirika. Ulipotea miaka mingi nyuma, na waligombana na Stara siku nzima juu ya nani kaukata. Na ule mshono, wa kurudi nyuma kila hatua, aliujua pia. Mashati yake yote yalishonwa hivyo.

"Hii si dawa ya kuua," alisema Bi Salwa taratibu. "Ni ya kumtuliza mume. Mke anaishona godoroni. Mume akiilalia, miguu inakuwa mizito, safari zinamtoka moyoni, anakaa na mkewe. Wengi wanafanya. Hakukutakia baya."

"Mimi hata nyumbani nilikuwa silali."

"Basi nani alilala?"

Taa ilitoa moshi.

"Dawa haimjui mtu kwa jina, mwanangu. Inamjua anayeilalia." Bibi alikusanya usufi kwa mguu, asiuguse kwa mkono. "Mnadhani sisi tunataka magodoro? Tunalifumua lote. Tunapekua, tunachoma cha kuchomwa, ndipo mtu mwingine aliguse. Hiyo ndiyo haki yetu. Wewe ukanifungia mlango."

Hamidi aliinamisha kichwa. Alitaka kusikia uchungu. Aliutafuta kama mtu anayepapasa funguo gizani. Hakuupata.

"Na huwa zinashonwa mbili," alisema Bi Salwa. "Ya miguuni, ndiyo hii. Ya kichwani, ya kutuliza akili, iko wapi?"

Jamaldini aliweka kisu chini.

"Kimto," alisema.

Wote walitazama gari.

Hamidi alijaribu kusimama, akaanguka. Akajivuta kwa viwiko, vumbi likimwingia kinywani, akiita, "Anifa! Anifa!" Jamaldini alimpita mbio, akafungua mlango.

Mtoto alikuwa macho. Ameketi wima gizani, mgongo umenyooka, magoti pamoja, usufi umemjaa mapajani na kwenye nywele. Kimto kimefumuka mshono. Kiganjani ameshika kitambaa cha buluu, kimekunjuliwa, kitupu.

"Humu mlikuwa na nini, mama?" Bi Salwa aliuliza kwa upole.

"Mama amesema nifungue."

"Mlikuwa na nini?"

Anifa alimtazama baba yake, pale chini alipolala. Hakuuliza kwa nini analala vumbini. Yule Redio! Hakuuliza chochote.

"Nimetulia, bibi," alisema.

Usufi wote ulichomwa usiku uleule, na vitambaa vyote viwili, na dua zikasomwa. Kitambaa cha Anifa hakikushika moto haraka. Kulipokaribia kucha Hamidi alisikia kuwashwa kwenye vidole vya miguu, kisha magotini, na ilipofika kifuani akaangua kilio. Alilia msiba wote aliokuwa amebakiza. Anifa alikaa pembeni yake, mikono mapajani, akimtazama.

Kiti kilishindiliwa upya kwa makumbi ya nazi. Kigumu, kinaumiza mgongo, na Hamidi hakulalamika tena. Maumivu aliyapokea kama mgeni aliyekosekana siku nyingi. Lakini mtoto... Anifa hachezi. Halii akianguka. Alijikata goti kwenye bati, damu ikamtiririka mpaka kwenye kandambili, akaendelea kutembea. Kimto hana, dirisha halifikii, na hajawahi kuomba aone nje. Majirani wanamsifia. "Hamidi, umebahatika. Mtoto katulia!" Yeye anajibu alhamdulillahi, na kuingia ndani haraka.

Bi Salwa alipoulizwa alisema hajui. Ile ya miguuni aliwahi kuiona. Ya kichwani iliyofunguliwa na mtoto, hapana.

Juzi walikuwa wanarudi tena kutoka Haneti, jua limezama, gari limebeba karanga. Juu ya mteremko wa Chenene Hamidi alimkumbuka mkewe, machozi yakamtoka bila kutarajia, akapunguza mwendo ili ajifute.

Anifa aligeuka. Alinyoosha mkono wake mdogo, akauweka juu ya paja la baba yake, akaubonyeza, kama anayepima.

"Tulia," alisema.

Hamidi alitazama chini. Mkono aliuona, vidole vyote vitano, vimekandamiza suruali.

Hakuuhisi.