Kaka Alisema Mimi ni wa Mchumba, Mchumba Akasema Mimi ni wa Kaka

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa hapa Kitui, na shule niliachia darasa la saba karo ilipokosekana. Wanaonijua watawaambia kwamba mimi ni mtu wa kucheka. Hata cherehani yangu nilikuwa naisalimia asubuhi kabla ya kuikalia! Leo ninaandika kwa mkono wa kushoto, polepole kama mtoto wa nasari, na kila mstari unaniumiza. Lakini nikinyamaza, msichana mwingine atapita pale nilipopita mimi...

Nilijifunza ushonaji kwa mama mmoja tunayemwita Mama Nduku, mwenye duka karibu na soko. Ndoto zangu zilikuwa nyingi. Niliota duka langu mwenyewe, kibao cha samawati juu ya mlango, na wasichana wawili ambao ningewafunza bila kuwapigia kelele. Nilikuwa hata nimechagua kitambaa cha pazia! Mnacheka? Chekeni tu. Wakati huo hata mimi nilikuwa najicheka.

Kwetu ni ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga. Si mbali na mjini, lakini taa za maduka zinaishia kwenye kinu cha kusaga mahindi. Ukishapita hapo ni giza, na ua wa makonge huku na huku, halafu ule mchanga wenyewe. Mchanga unameza sauti ya miguu. Mtu anaweza kukufuata hadi mgongoni na usimsikie.

Ndiyo maana kaka yangu Mutua alikuwa akija kunichukua kila mara kazi ilipochelewa. Alikuwa akisimama barazani akitafuna muwa, akinitania kwamba muthokoi wa mama, yale mahindi yake ya kukoboa, umepoa kwa sababu ya vifungo vya watu. Njiani alitangulia akipiga mluzi, mimi nikimfuata nikimsimulia mambo ya kibao changu cha samawati. Siku hizo sikujua hofu ya usiku ni nini. Ningeijulia wapi?

Halafu nikapata mchumba.

Kyalo ni mtu wa Mbumbuni, alikuwa akiuza kwenye duka la misumari na mabati hapa mjini, na katika kwaya ya kanisa letu aliimba besi. Alikuwa mpole, suruali imepigwa pasi kila siku. Aliponiambia anataka kunioa, nilikimbia nyuma ya kanisa nikacheka peke yangu mpaka kwikwi ikanishika.

Watu wake wakaleta mbuzi wa ntheo. Kwa wasiojua, hao ni mbuzi ambao kwetu Wakamba wakishaletwa na kuchinjwa, msichana anahesabiwa kuwa wa upande ule mwingine, hata kama bado analala kwa mama yake. Wazee walikula, wakaomba, nyimbo za kanisa zikaimbwa mpaka jioni. Nilikuwa na furaha, wasomaji wenzangu... furaha ya kuogopesha!

Nani angejua kwamba pamoja na wale mbuzi, usalama wangu ulichinjwa siku hiyo hiyo?

Mara ya kwanza kazi ilipochelewa baada ya hapo, Mutua hakuonekana. Mama Nduku alinipeleka mpaka kwenye kinu, kisha nikakimbia peke yangu. Nyumbani nilimkuta kaka anakula. Nikamuuliza kulikoni. Hakukasirika, alinijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayenifunza jambo.

"Mbuzi zimeliwa, Mwikali. Sasa wewe ni mke wa watu. Nikija kukungoja pale kila usiku, Kyalo ataona namlinda mke wake asimguse. Mwambie yeye akulete."

Mama naye aliitikia kwa kichwa. Kwao hiyo ilikuwa heshima!

Basi Jumapili nikamweleza Kyalo. Aliangalia kulia na kushoto kwanza, kana kwamba nimetaja dhambi.

"Mimi ni kijana wa kanisa," akasema. "Tukionekana pale kwa makonge gizani hata mara moja, kutakuwa na maneno mpaka siku ya arusi. Bado uko kwenu. Hiyo ni kazi ya kaka yako."

Nikarudi kwa Mutua. Mutua akasema atamwonea haya shemeji yake. Nikarudi kwa Kyalo. Kyalo akasema tuombe. Nikawa kama mpira wa matambara, huyu anaupiga, yule anaurudisha... Na katikati yao ni msichana anayetaka tu kufika nyumbani! Je, hilo lilikuwa jambo kubwa?

Nilifikiria kuacha kazi. Lakini Desemba ilikuwa imefika, na kila mzazi alitaka mtoto wake aingie kanisani Krismasi na nguo mpya. Tulishona mpaka macho yakawa mekundu. Mama Nduku siku hizo alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza tena kunipeleka hata mpaka kwenye kinu. Soja wa kulinda duka la jirani usiku, mzee mmoja mwenye koti refu, alikuwa akiniuliza kila usiku kama nina mtu wa kunipeleka. Nami niliona aibu kusema kwamba mimi, msichana mwenye kaka na mchumba, sina mtu. Nikamjibu kwamba nangojewa hapo mbele.

Usiku ule nilibeba furushi. Ndani mlikuwa na gauni la rangi ya machungwa la msichana mdogo, Ndinda, ambaye kila siku alipita dukani kuuliza kama limeota mikono. Nilikuwa nimemwahidi litakuwa tayari asubuhi, kwa hivyo nilitaka kumalizia pindo nyumbani. Mkono mmoja nilishika furushi, mkono mwingine taa ya chemni. Taa ile ilinionyesha vidole vyangu vya miguu tu. Lakini mimi nilionekana na kila aliyekaa gizani!

Walikuwa wawili. Sikuwasikia. Mmoja alinishika shingo kutoka nyuma, mwingine akavuta furushi.

Ningeliachia... Mungu wangu, ningeliachia tu! Ni kitambaa. Lakini mawazoni nilimwona Ndinda mlangoni, nikashikilia. Ndipo rungu likashuka kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Nilipiga nduru. Ng'ambo kidogo kulikuwa na nyumba yenye taa dirishani. Nilipiga nduru nikiitazama taa ile... na taa ile ikazimwa! Wasomaji, rungu niliweza kulisamehe upesi kuliko taa ile.

Aliyekuja ni yule soja, akikimbia na koti lake na tochi. Wale wawili walitoroka na furushi. Mzee alinibeba kama gunia mpaka barabarani, akihema, akiniuliza tena na tena wako wapi watu wangu.

Hospitalini mkono ulifungwa plasta. Nililala nikingoja Kyalo. Niliwaza, sasa ataona, atalia, ataniambia kuanzia leo... Alikuja siku ya pili, na hakuja peke yake. Alikuja na mjomba wake kutoka Mbumbuni. Kwenye bomba la maji maneno yalikuwa yameanza kwamba binti wa watu hawezi kuwa njiani usiku bure, lazima kulikuwa na mwanamume.

Mjomba ndiye aliyeongea. Kyalo aliangalia kucha zake.

"Tunataka kujua ulikuwa na nani usiku huo."

"Sikuwa na mtu," nikasema. "Hiyo ndiyo shida."

"Msichana aliyechinjiwa mbuzi hawezi kuwa hana mtu."

Nilimtazama Kyalo, nikingoja aseme. Alijua! Alijua ni mara ngapi nilimwomba. Mtu wa besi, sauti ya kujaza kanisa lote, hakutoa hata neno moja.

Uchumba ukavunjika. Baba akatafuta mbuzi wengine wa kurudisha. Nilikuwa nimekaa mlangoni na plasta yangu siku walipoondoka. Wanaume watatu waliwapeleka, baba, amu na Mutua, mchana, jua likiwaka, njia nzima mpaka Mbumbuni, ili mbuzi wasipotee njiani. Niliwatazama mpaka vumbi likatulia. Halafu nilicheka. Nilicheka vibaya mpaka mama akaja kunishika.

Mutua aliporudi alisimama mbele yangu, hakuweza kuniangalia. Nadhani naye aliliona njiani, kwamba mbuzi walipata wa kuwasindikiza. Siku hizi ananipeleka kila mahali, hata mchana, hata nikienda kuchota maji. Simfukuzi. Lakini mfupa uliungana kombo. Siwezi kukata kitambaa kikanyooka, na dukani nimebaki kushona vifungo. Ule mkono wa kushoto ninaoufunza kuandika, naufunza pia mkasi. Usiku mwingine nakata tamaa kabisa, nauliza Mungu aliona nini. Kile kibao cha samawati... sijui. Bado nakiota, sitawaficha.

Dada zangu, nawasihi! Kazi ikikuchelewesha na huna mtu, usione aibu kusema huna mtu. Lala hapo dukani juu ya vitambaa. Mwambie soja ukweli. Zunguka kwa barabara ya magari hata kama ni mbali, uachane na njia ya mkato. Na wakikushika, achilia unachobeba. Ndinda alivaa gauni la zamani Krismasi ile na akaimba vizuri tu!

Na nyinyi kaka, nyinyi wachumba, na wewe uliyezima taa. Usiku ukiingia na msichana hajaonekana, acheni kwanza kuulizana yeye ni wa nani. Ulizeni kama amefika.