Uwanja Uliokwanguliwa Mno

Kila asubuhi, kwa miaka kumi na minane, Mwalimu Esther aliwataka wanafunzi waje na majembe na fagio. Jani likichomoza uwanjani, lilikwanguliwa. Shule yao, iliyopo mteremkoni Uluguru, ilisifiwa kwa usafi.

Chini ya shule aliishi Bibi Filomena, mkulima wa mchicha. Kila masika alipanda hadi shuleni kulalamika.

"Mwalimu, maji yenu yananimaliza."

"Mvua ni ya Mungu, bibi. Mimi niifanyeje?"

Masika iliyopita, ukuta wa jiko lake ulianguka. Mchicha wote ukazolewa na maji. Bibi akahamia Mkuyuni kwa binti yake. Hakumuaga Esther.

Kabla ya vuli, wazazi walijitolea kuchimba bustani ya mvua shuleni. Bwana shamba Castory aliwaongoza.

"Shimo hili la nini?" Esther aliuliza.

"La kupokea maji ya paa, mwalimu. Liwe hatua kumi kutoka darasani, kina kisizidi goti. Tunalegeza udongo, tunachanganya mchanga na mboji, tunapanda mchaichai. Mizizi inafungua njia, maji yanazama."

"Mtatufugia mbu," alisema Jesca, mzazi.

"Maji yasipozama kwa siku moja, tumekosea. Tutalegeza tena."

Castory alimwaga ndoo ya maji uwanjani. Yakateleza kuelekea kwa Bibi Filomena. Akamwaga nyingine nyuma ya stoo, penye nyasi. Hayakufika popote. Yalizama.

Esther alitazama ule uwanja mgumu kama sakafu.

"Kwa hiyo ukuta wa bibi…"

Castory aliinamisha macho. "Hata kwangu tunakwangua, mwalimu."

Esther alichukua jembe, akachimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Tangu siku hiyo, nyasi za uwanjani zilifyekwa tu, hazikukwanguliwa.

Vuli ilipofika, bustani ilijaa jioni. Kesho yake mchana maji yalikuwa yamezama. Njia ya kwa Bibi Filomena haikuchimbwa na maji.

Esther alikwenda Mkuyuni na miche ya mchaichai. Alimkuta bibi akimenya maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Maji yale yalitoka kwangu. Nisamehe."

Bibi alimenya maganda mawili, matatu. "Nilikwambia mara ngapi?"

"Kila masika."

"Kujenga tena siwezi, mwanangu. Magoti yamechoka." Aliipokea miche, akaigeuza mkononi. "Hapo juu nako kuna shule. Wanakwangua uwanja hao, utawapenda."

Esther aliinuka. "Mwalimu mkuu wao anaitwa nani?"