Matope Nyumbani kwa Mama Virginie

Mvua ya Kadutu, mtaa wa mlimani, haipigi hodi. Ikinyesha, matope huingia nyumbani kwa Mama Virginie kama yamealikwa. Yeye na mumewe, Lucien, huyazoa kwa beseni mpaka migongo iwaume. Sasa ukuta wa chumba cha watoto umepasuka. Mama Virginie anaogopa utawaangukia.

Lucien alipanga mifuko ya mchanga mlangoni. Kazi bure.

"Miye nilisha choka," alisema Mama Virginie. "Tuhame."

"Twende wapi, maman?" Lucien alimuuliza mkewe.

Jirani yao Martine, mwalimu wa jiografia, alikuja na simu. Ndani yake mlikuwa na ramani ya dunia nzima. Ukiiinamisha kwa vidole, milima inasimama na mabonde yanazama. Mama Virginie aliomba kwanza kuona Kamituga, kaka yake anakochimba dhahabu. Aliona mabati tu, akaguna.

"Mutu haonekani humu," Martine alisema. "Na picha haiko ya leo. Sasa tuone kwenu."

Akauinamisha mlima wao. Kisha akafungua picha za miaka ya nyuma. Kumbe palikuwa na korongo refu, likishuka kando ya nyumba mpaka mtoni. Kwenye picha mpya halipo.

"Hii ravin ilienda wapi?" Martine aliuliza.

Mama Virginie alijua, na aibu ikamshika. Jumamosi za salongo, mtaa wote ukifanya usafi pamoja, taka zilimwagwa humo. Hata yeye alimwaga, tena akiimba. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Ni siye wenyewe tuliifunga," alisema. "Maji ilikosa njia, ikakuya kwetu."

"Ramani inaonyesha, lakini miguu ndiyo inahakikisha. Tupande tuone."

Wakapanda taratibu, maana walikuwa wamechoka. Huko juu waliona ramani ilisema kweli. Taka zilijaa, na maji yalikuwa yamejichimbia njia mpya kuelekea ukuta wa watoto.

Watoto walihamia kwa Martine. Salongo iliyofuata, watu walinung'unika, lakini walizibua korongo. Wakapanda matete kingoni. Taka zikachimbiwa shimo mbali na njia ya maji. Lucien akajenga ukuta upya, watoto wakarudi.

Mvua kubwa ilinyesha mchana. Lucien alishika beseni, akasimama nyuma ya nyumba akingoja. Maji yalipita korongoni kwa kelele, yakaenda zake.

"Maman, matope haiko!" aliita.

Akaingia ndani kumtafuta. Mama Virginie alikuwa amelala fofofo, mvua ikinyesha.