Mama Fundi Atafuta Mbwa wa Kukaa na Kuku

Kila asubuhi Mama Fundi alifungua banda la kuku na kuwasalimu. "Hamjambo nyie?" Kuku hawakumjibu. Walitaka mahindi tu, hao hawana muda wa salamu.

Kuku walikuwa tisa. Marehemu mumewe ndiye aliyewafuga, na banda alilijenga kwa mikono yake mwenyewe. Akishawalisha, Mama Fundi aliketi barazani kwenye cherehani yake ya miguu. Alishona sare za shule mpaka jioni. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda zao. Halafu nyumba ikawa kimya. Mara nyingi alipika chai ya watu wawili, kisha akakumbuka kwamba yuko peke yake. Upweke ulimuuma, na wala hakuona haya kuusema.

"Mama, tafuta mbwa," binti yake alimwambia kwenye simu. Binti huyo aliolewa mbali. "Atakulinda. Tena utapata wa kuongea naye."

"Nina kuku wa kuongea nao."

"Mama jamani! Kuku wanakuitikia?"

Mama Fundi alicheka. Lakini simu ilipokatika, hakucheka tena.

Jumamosi alikwenda kwa mwindaji mmoja aliyekuwa na mbwa wadogo watano, wa miezi mitano hivi. Wanne walimtazama tu. Wa tano alimrukia, akamvuta pindo la gauni, akamlamba mikono yote miwili. Tangu msiba, hakuna kiumbe aliyemkimbilia Mama Fundi namna ile. Machozi yalimlengalenga.

"Nampeleka huyu huyu," alisema.

Hakuuliza kitu kingine. Hakuuliza mama wa mbwa yule alifanya kazi gani. Angeuliza, angeambiwa kwamba alikuwa hodari wa kukimbiza sungura.

Mbwa alipewa jina la Chapuchapu. Nyumba ilichangamka! Alikimbiza vipepeo, alikimbiza majani makavu, alikimbiza kivuli chake. Alipoanza kuwakimbiza kuku, Mama Fundi alipiga makofi. "Tazama wanavyocheza!" Masikini, kuku hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanaokoa roho zao.

Siku moja mchana, akiwa ndani anampima mteja, alisikia kelele uani. Alitoka mbio. Manyoya yalitapakaa kila mahali. Chapuchapu alikuja na kuku mweupe mdomoni, akamweka miguuni pa mama, akatikisa mkia. Alingoja kusifiwa.

Jirani yake Seremala alisikia kilio, akaja na kamba mkononi. Yeye na marehemu walikuwa marafiki wa siku nyingi.

"Shemeji, dawa yake ndogo. Mfunge mbwa kuku huyo aliyekufa shingoni, akae naye siku tatu. Atakoma mwenyewe."

Mama Fundi hakujua njia nyingine. Akamfunga. Chapuchapu alilia kutwa. Kesho yake kuku alianza kunuka, na mbwa naye hakutaka kula.

Bahati nzuri, siku hiyo Daktari wa mifugo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku. Alikuwa binti mdogo tu, lakini kazi yake aliijua barabara. Alipoingia uani alishika pua.

"Shikamoo mama. Makubwa! Hiki ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Namfundisha adabu."

"Unamfundisha kunuka, mama. Yeye hajui kwamba hii ni adhabu ya kosa la jana. Anachojua ni kwamba kuna kero shingoni. Na huu uozo utamletea maradhi."

Alitoa mkasi, akaikata ile kamba, akamwosha mbwa shingo kwa sabuni. Mama Fundi alikaa chini kwenye ngazi.

"Sasa nifanyeje, Daktari? Nikiwa naye, kuku wa marehemu watakwisha. Nikimrudisha, nitabaki na kuta. Umewahi kuongea na ukuta, wewe?"

Daktari alikaa naye pale pale kwenye ngazi.

"Pole, mama. Chapuchapu si mbaya. Ukoo wake ni wa kuwinda, na kukimbiza kumo ndani yake. Kumfunza kidogo inawezekana. Lakini kila kuku wakitoka, itabidi yeye afungwe. Ataishi maisha yake yote kwenye kamba. Arudi kwa mwindaji, huko atakimbia atakavyo. Wewe nitakutafutia mwingine."

Mama Fundi alimrudisha Chapuchapu kesho yake. Alilia njia nzima bila kujificha.

Wiki ya pili Daktari alimpeleka kwa mfugaji mmoja aliyekuwa anahamia kwenye ghorofa. Huyo alikuwa na mbwa jike wa miaka minne, jina lake Tulia, aliyekulia kati ya kuku na bata.

"Hata hivyo tusimwamini kwa maneno," Daktari alisema. "Tumjaribu. Kuku wawe ndani ya wavu, mbwa awe kwenye kamba, tumpitishe karibu. Usitazame mkia, mama, tazama macho. Akimkodolea kuku, akakakamaa, akanyata, ukimwita asisikie, huyo hatufai. Akitazama kidogo kisha akageukia mambo yake, huyo tunaweza kumfikiria."

Tulia alipitishwa. Aliwatazama kuku. Alipiga mwayo. Halafu akalala chini. Walimpitisha tena mara tatu, na mara zote ilikuwa hivyo hivyo.

Lakini Mama Fundi alisononeka. Alikuwa amenyoosha mikono, na Tulia hakumsogelea hata hatua moja.

"Mbona hanitaki?"

"Hajakujua bado. Mama, wewe unatafuta mbwa wa leo, au wa miaka kumi?"

Mama Fundi alifikiri. Kisha akaishika kamba.

Seremala, kwa aibu ya ushauri wake, alitengeneza uzio wa wavu kati ya banda na ua. Hakutaka hata kuambiwa asante. Daktari naye aliacha maagizo, na Mama Fundi aliyafuata yote. Tulia alipewa chakula chake kabla kuku hawajafunguliwa. Kwa wiki mbili walikutana kwa wavu tu. Baadaye alitembezwa kati yao kwa kamba. Kila alipowapa kuku kisogo na kumtazama mama, alipewa kipande cha nyama iliyopikwa. Utumbo wa kuku hakutupiwa hata siku moja. Na Mama Fundi alipotoka nyumbani, hata dukani tu, mbwa na kuku walitenganishwa.

Kuku walikuwa salama. Lakini Tulia alilala kwenye pembe ya mbali, akitazama lango. Alikuwa anamngoja bwana wake wa zamani. Akiitwa anakuja, akishikwa kichwa anatulia, kisha anarudi kwenye pembe yake.

"Nilikuwa mpweke mmoja," Mama Fundi alimwambia binti yake kwenye simu. "Sasa tuko wawili."

Hakumlazimisha. Alimfahamu vizuri mtu anayetazama lango. Kila siku alimwekea maji, akamwambia habari mbili tatu, akarudi kwenye cherehani.

Mwezi wa pili ulipoisha, Daktari alikuja, akakaa uani asubuhi nzima akitazama. Mwishowe akaruhusu kamba ifunguliwe, mradi Mama Fundi awepo. Kuku walidonoa hadi karibu na pua ya Tulia. Mmoja alimpanda mgongoni. Tulia alifumba macho tu.

Siku chache baadaye, alasiri, Seremala alikuja barazani kuchukua suruali yake. Aliikuta mezani, mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado. Mama Fundi amekaa tu, mikono mapajani.

"Shemeji, si uliniambia leo?"

"Haijaisha. Siwezi kukanyaga cherehani."

"Mguu unauma?"

"Umelaliwa."

Seremala aliinama chini ya meza. Tulia alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya mguu wa Mama Fundi.

"Basi si umwamshe?"

"Thubutu!" Mama Fundi alifuta machozi kwa kipande cha suruali ya watu. "Mimi nimesubiri miezi miwili. Wewe kwani huwezi kusubiri mpaka kesho?"