Shangazi wa Kwenye Insha

"Huyu si shangazi. Umemwokota wapi?" dada alifoka, karatasi kainyanyua juu mdogo wake asiifikie.

"Nirudishie. Hiyo insha ya Kiingereza, mambo yake huyajui."

"Kiingereza nakijua. Shangazi ndiye simjui. Eti anakunywa chai na paka wake, anatazama theluji dirishani. Theluji, Redio? Hapa?"

Walimwita Redio kwa sababu akianza kuongea, hazimiki. Ila leo alikuwa na sababu ya kupaza sauti. Mchana huu angesoma insha yake kuhusu shangazi yao fundi mbele ya wazazi shuleni, na mwalimu alishaikataa jana. "Nzuri, lakini wewe sikuoni humu," alimwambia. "Irudie, la sivyo atasoma mwingine." Redio akaenda kuongeza theluji.

Pembeni yao, cherehani ya shangazi ikanyamaza. "Hebu nitafsirie," alisema shangazi, pini kazibana midomoni.

Redio akatafsiri, sauti ikizidi kushuka. Mteja anaingia, anataka gauni, anapimwa, anaondoka.

Shangazi akatema pini kiganjani. "Kaingia tu nikampima? Hodi hakuna? Wanawe sijawaulizia, wala mguu wa mama mkwe wake?"

"Wenye Kiingereza chao hawasalimiani hivyo, shangazi. Wana haraka."

"Wao sawa. Mimi je? Mteja nikimpima kabla hajatulia, anabana pumzi, gauni linakuja kumkaba. Na huyo paka analishwa na nani?"

Dada alicheka mpaka akaangukia rundo la vitambaa. Redio alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

Akakaa chini ya meza ya kupigia pasi, akaanza upya. Hodi. Habari za nyumbani. Watoto. Mguu. Ndipo utepe wa kupimia ukashuka shingoni mwa shangazi. Njiani akakwama.

"Shangazi, 'pole na kazi' kwa Kiingereza siipati."

"Basi eleza mteja anavyoisema. Anaegemea mlango, anavua viatu, anashusha pumzi. Wataelewa tu."

Alipomaliza, dada akaisoma yote kimya, akamsahihishia makosa mawili matatu. "Huyu namjua," alisema, akamrudishia.

Shangazi akamrekebishia Redio kola. "Sikia, baba. Hicho Kiingereza kisome kwa bidii, ukikosea urekebishe. Lakini ukiingia humo, ingia na watu wako. Ukijificha nyuma ya mambo ya wengine, mwalimu atakutafuta mpaka achoke."

"Utakuja kusikiliza? Hutaelewa kitu."

"Nakuja nyuma yako, nakaa mbele kabisa. Ukifika kwenye mguu, dada yako anifinye nicheke."

Redio akakunja karatasi, akaaga. Akaiaga na cherehani. Akauliza yule mteja wa kwenye insha aliamkaje, na mama mkwe wake je, anatembea?

"Nenda, utachelewa," shangazi alisema, kicheko kimemjaa.

"Si umesema salamu kwanza?" Redio akajibu, akatoka, akafunga mlango.