Picha Iliyopauka Kivulini

Fundi cherehani alikuwa na picha moja tu ya marehemu mama yake. Ilichapwa kwa printa ya wino. Aliibandika ukutani, bila kioo, katika chumba anachoshonea. Humo humo ndimo alimopikia, kwa jiko la mafuta ya taa.

Siku moja mteja aliitazama akauliza, "Huyu bibi mbona mwekundu hivi?"

Fundi aliinua macho. Uso wa mama ulikuwa umepauka, umegeuka mwekundu kama tofali.

"Baba watoto, umeifuta picha kwa maji?"

"Mimi?" mumewe alishangaa. "Vyombo vyenyewe sifuti, nitafuta picha?"

Fundi akaibandua taratibu, akaipeleka kwa jirani yao, mpiga picha.

"Jua halifiki pale kabisa," alimwambia, machozi yakimlengalenga.

"Si jua peke yake, dada yangu. Hewa pia. Karatasi hii ina vitundu vidogo sana. Moshi na gesi za jiko hupenya humo na kuula wino. Bluu hutangulia kufa, ndiyo maana anabaki mwekundu."

"Basi nimempoteza mama mara ya pili?"

"Subiri kwanza. Hakuna nakala nyingine?"

Fundi akakumbuka. Dada yake alichapishiwa picha kama hiyo, siku ile ile. Akampigia simu. Jioni dada akafika na albamu yake, ambayo hukaa kabatini.

Wakaifunua mbele ya mpiga picha. Mama alikuwa vile vile, na kilemba cha bluu kichwani.

"Kilemba changu!" Fundi alilia. "Nilikipinda mwenyewe nikijifunza kushona. Nilishasahau kilikuwa bluu!"

"Mnaona?" alisema mpiga picha. "Wino ni ule ule. Hii imekingwa na hewa, ile imekula moshi."

Alitoa nakala mpya kutoka picha ya dada, akaiacha ikauke siku nzima. Kisha akaitia kwenye fremu yenye kioo, akaziba nyuma vizuri. "Itundike mbali na jiko na mbali na jua," akaagiza. "Na nakala nyingine nitaitunza kwenye kompyuta."

Usiku huo mume hakutulia. "Mke wangu, kama moshi unakula wino, mapafu yetu je?"

Kesho yake walihamishia jiko nje, chini ya kibanda cha mabati. Dirisha likawa wazi mchana kutwa. Kikohozi cha mume, kilichokuwa hakikosi kama mlio wa saa ya ukutani, kikapungua wiki kwa wiki.

Tangu hapo, kila mwaka dada huja na albamu, wakalinganisha picha mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Juzi mpiga picha alipita kuchukua suruali yake, wakamwita naye atazame. Bluu bado ni bluu.

"Mungu akuzidishie, jirani," Fundi alimwambia, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wajukuu watamjua bibi yao."