Kimya cha Shufaa

"Uliulizwa au hukuulizwa?"

Idrisa alikuwa ameshika simu ya Shufaa, mlangoni mwa chumba alichopanga binti huyo, Kihesa, Iringa. Ujumbe wa mama yake Shufaa ulikuwa umeingia sasa hivi kutoka Mbalizi:

"Hongera mwanangu. Baba kaipokea posa ya Abdulkarim. Jumamosi wanaleta mahari. Omba ruhusa kazini uje."

"Niliulizwa," Shufaa alijibu. "Nilipokwenda nyumbani Idi."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

"Shufaa! Mwari akiulizwa akanyamaza, keshakubali. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua!"

"Nalijua, Idrisa. Nilimwona baba alivyofurahi, mdomo ukawa mzito."

"Na mimi miaka yote hii ni nani wako?"

Jamani, muuguzi mzima, anayewafokea wagonjwa wakorofi wodini, kashindwa kumwambia baba yake neno moja! Alijiona mwongo kwa wanaume wawili anaowapenda kuliko wote. Akaichukua simu, akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, bi harusi wangu!"

Hapo nusura akate.

"Baba... Abdulkarim simtaki. Nina mwenzangu huku Iringa."

Mzee Mrisho, baba yake, alikohoa.

"Si nilikuuliza, mwanangu?"

"Nilikuogopa, baba."

"Unaniogopa mimi? Nimekupiga lini?"

"Hujawahi. Nisamehe. Waambie nimekataa."

"Siwaambii. Aliyenyamaza ni wewe. Njoo uwaambie mwenyewe."

Simu ikakatwa.

"Twende wote," Idrisa akasema.

"Hapana. Wakikuona watasema umeniteka akili. Hili ni langu."

Jumamosi, wajomba wa Abdulkarim walikuwa sebuleni kwa Mzee Mrisho, kanzu zimenyooshwa, mahari imefungwa kwenye kitambaa. Shufaa akatokea mlangoni, akapiga magoti. Mama yake akamvuta ushungi arudi ndani. Hakurudi.

"Wazee wangu, baba hajawadanganya. Aliniuliza nikanyamaza, na moyo wangu uko kwa mwingine. Kosa ni langu. Mnisamehe."

Loh! Mama mtu akashika kichwa. Mjomba mkubwa akakivuta kile kitambaa mapajani mwake.

"Ungesema mapema, binti, tusingekuja kuaibika."

"Kweli, mjomba."

Wakaondoka pilau haijaguswa. Shufaa aliumia sana, maana watu wale hawakumkosea lolote, na Abdulkarim mwenyewe alikuwa kijana mstaarabu tu. Baba yake alibaki kwenye kochi, kofia mkononi.

"Umeniaibisha, Shufaa."

"Najua, baba."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Wala hakuomba ahurumiwe.

"Huyo wa Iringa ana wazee?"

"Anao, baba."

"Waje. Ila si mwezi huu. Mwezi huu niache nikukasirikie."